Chupa ya Tano

"Mjukuu wako ameua mwani, Alphonsine! Watoto wa chaza watakula nini kesho, upepo?"

"Punguza sauti, Gédéon. Mji mzima wa Caraquet umeshakusikia, mpaka kasisi."

Zélie, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama kati ya bibi yake na jirani yao, mlangoni mwa banda walimofugia chaza kwa ushirika. Kila akitoka shule alitia vitamini katika chupa tano kubwa za mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho mpaka ujazane. Leo chupa nne zilikuwa zimepauka kama maji yaliyooshewa viazi.

"Ulisahau vitamini, sema!" Gédéon alifoka.

"Sikusahau. Iliisha wiki mbili zilizopita. Nilikuambia, ukanijibu, 'Nenda kacheze, mtoto.'"

Bibi alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na hii ya tano, mbona imebaki ya kahawia?" Gédéon aliuliza.

Zélie aliitazama ile chupa. Angesema hajui, nani angegundua? Sheria ya banda, aliyoiweka Gédéon mwenyewe, ilikuwa moja: maji yote ya bahari yachemshwe.

"Hiyo nilitia maji ya ghuba," alisema. "Niliyachuja tu, sikuyachemsha. Kwa makusudi."

"Maji machafu! Bandani mwangu!"

"Hayo machafu ndiyo yaliyookoa mwani!" Zélie hakurudi nyuma hata hatua. "Mwani huu hauwezi kujitengenezea vitamini B12, na baharini ni haba. Kwa hiyo unaishi na bakteria wanaoitengeneza, nao unawapa sukari. Mwalimu alitufundisha. Wewe unawachemsha majirani zake, halafu unashangaa mwani kufa njaa!"

Gédéon alichota tone, akaliweka chini ya hadubini. Alichungulia muda mrefu, akitafuta wadudu waharibifu.

"Mwani unaogelea," alinong'ona. "Hakuna kingine. Watoto wa chaza watakula, na utakaobaki tutauotesha upya."

"Zélie," bibi alisema, "kujaribu bila kuomba ruhusa kungeweza kutuharibia yote. Lakini ungenyamaza, tusingejua kilichotuokoa. Kusema kweli mbele ya mtu aliyekukunjia uso ni kazi ngumu, na umeifanya. Nawe Gédéon, mtoto akikuambia kitu kimeisha, msikilize."

"Kwa kutoomba ruhusa, samahani," Zélie alisema. "Kwa ile chupa, siombi radhi."

"Kichwa kigumu kama bibi yake!" Gédéon aliguna, lakini alikuwa akitabasamu.

"Ingia ule, jirani. Mchuzi wa kuku na viazi umeiva. Tena nimeuchemsha sana, usiogope."