Moshi wa Mteremko wa Wundanyi

Siku ya soko pale Voi, pikapu kuukuu ya Fanuel iliwashwa ikatema moshi wa buluu hadi wauza nyanya wakajifunika leso puani.

"We dereva, unatufukiza kama mbu!"

Fanuel, kijana wa Wundanyi milimani anayeteremsha kabichi, alitafuta pa kuficha uso. Ndipo akamwona msichana mwenye ovaroli na kilemba cha manjano, ameinama nyuma ya gari akinusa moshi kama anayeonja mchuzi.

"Hiyo ni oili inaungua," msichana akasema. "Hutoka lini?"

"Asubuhi nikiwasha, kisha hupotea. Na wewe hutoka kazini lini?"

Msichana, Jedidah kwa jina, alicheka ingawa hakutaka. Alikuwa fundi wa kike pekee katika gereji ya nyuma ya soko. Bosi wake, Ronald, alishapaza sauti: "Ringi za pistoni zimekwisha! Shusha injini!"

"Si ringi," Jedidah akasema. "Ringi zikiisha, inafuka safari nzima. Hivi ni vimpira vya valvu, vinavujisha oili gari likilala. Dereva, kesho teremka mlima bila kukanyaga mafuta. Ukifika chini, kanyaga. Utaona moshi."

"Moshi usipotoka," Ronald akamwambia Jedidah, "utarudi kuziba pancha."

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya mapenzi ni simu nne kabla jua halijatua. Fanuel, aliyeondoka na namba ya Jedidah, alipiga tano.

Kesho yake aliingia gereji akitabasamu. "Hakuna moshi hata kidogo!" akatangaza mbele ya mafundi wote, akidhani analeta habari njema. Gereji ikaangua kicheko. Jedidah akaokota pampu, akaenda kwenye pancha. Siku tatu hakupokea simu. Alikuwa ameshampenda, na ndiyo maana iliuma hivyo.

Siku ya nne akapokea.

"Unataka nini?"

"Sauti yako tu, mpenzi. Nimekukosea nini? Nilifanya ulivyosema. Nilizima injini kule juu, sikugusa mafuta..."

"Ulizima?"

"Baba alinifundisha. Unaokoa petroli."

"Fanuel! Kona zote zile, injini imezimwa? Itafukaje kama haifanyi kazi? Na breki zikikataa je? Unataka kuniacha mjane hata sijaolewa?"

"Mjane wa nani?" Fanuel akauliza polepole.

Simu ikakatwa.

Jumamosi waliteremka pamoja, Jedidah na ovaroli ileile, ila hereni mpya masikioni. Gia ya pili, injini ikinguruma, mguu wa Fanuel mbali na mafuta. Walipofika chini akakanyaga. Wingu la buluu likafunika barabara nyuma yao.

"Umeona? Umeona!" Jedidah alipiga dashibodi, machozi ya fahari yakimtoka.

Alibadilisha vile vimpira bila kushusha injini. Siku mbili baadaye, asubuhi, Fanuel aliwasha pikapu mbele ya gereji nzima. Ronald akashika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi. Kilibaki cheupe.

"Nilimwaibisha hapa, basi nasema hapahapa," Fanuel akasema kwa sauti. "Fundi alijua kazi yake. Ni mimi niliyekuwa sijui kuteremka."

Ronald alikuna kichwa. "Injini kuukuu zote sasa ni zako, Jedidah. Pancha nitaziba mimi."

Fanuel akasogea karibu. "Wazee wangu wanataka kushuka hadi kwenu Mwatate Jumapili. Waje?"

Jedidah alipangusa mikono taratibu, kidevu juu, watu wote wakimtazama.

"Waje," akasema. "Lakini waambie wateremke na gia."