Ufunguo wa Chumba cha Dobi

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, 2025. Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, na kilichokiharibu ni kipande cha karatasi na uzi wake.

Asubuhi mpango ulikuwa safi.

Saa tatu asubuhi. Nyuma ya duka la leso, Biashara Street, watu wanne wamekalia majora ya vitambaa. Kamaludin, mwenye duka na mwenye mpango, anachora sakafuni kwa chaki. Katana, dereva wa tuktuk. Nekesa, wa mapokezi Hoteli Zumaridi. Na Thoya, mpagazi wa hoteli hiyo hiyo, miaka ishirini na miwili akiwabebea watu mizigo yao.

Meneja anahama. Ataondoka na sanduku la kahawia, na ndani mna dhahabu aliyoichota sefuni. Vitu wageni walivyosahau, na vitu ambavyo hawakusahau. Nekesa alimwona akipakia. Alimwona pia akitia daftari la funguo, lile ambalo wachunguzi wa moto wa chumba cha dobi waliambiwa limeungua.

Kamaludin alikuwa ameshanunua sanduku pacha, akalijaza chumvi. Thoya ateremke na la meneja kwa ngazi za wafanyakazi, abadilishe ndani ya chumba cha dobi, ambacho tangu moto hakiingii mtu. La chumvi liende kwenye gari la meneja. La kweli litoke lango la nyuma, kwa Katana.

Thoya aliwaambia dhahabu wagawane wao watatu.

"Mimi nipeni daftari."

"Daftari tu?" Katana alicheka. "Mzee, hata wezi watakuonea haya."

"Mke wangu Shifa alifia mle motoni, mlango umefungwa kwa nje. Eti wanawake wasiibe mashuka. Shuka la hoteli lina mlinzi, mke wangu hana. Kila anayechukua ufunguo hutia sahihi. Nataka kuiona hiyo sahihi."

Kamaludin alinyoosha mkono.

"Daftari ni lako, yakhe. Wallahi."

Saa kumi kasoro dakika tano. Chumba namba 31, cha meneja. Thoya alilinyanyua sanduku. Kilo ishirini na moja. Mkono wake haukuhitaji mizani. Meneja hakumtazama usoni. Hakuwahi.

Saa kumi na dakika tatu. Chumba cha dobi. Kuta bado nyeusi. Alijikataza kuutazama mlango, akautazama. Kwa ndani, rangi ilikuwa imekwanguliwa, usawa wa mkono wa mtu aliyepiga magoti.

Mikono yake iliendelea na kazi bila yeye. Ikatia sanduku la kweli kwenye toroli, chini ya mashuka. Ikaingia mfukoni, ikatoa lebo, ikaandika 31, ikaifunga. Miaka ishirini na miwili mikono hiyo haijawahi kuacha mzigo wa mgeni bila lebo. La chumvi likabaki bila lebo. Alilipeleka mlango wa mbele, akalikabidhi kwa soja anayelinda pale, akarudi kwenye toroli lake.

Saa kumi na dakika kumi na mbili. Soja hatii garini mzigo usio na lebo. Sheria ya meneja mwenyewe. Akalifungua. Chumvi ikamwagika kwenye viatu vyake.

Firimbi ya soja ilimkuta Thoya lango la nyuma. Tuktuk inanguruma. Ndani yake ameketi Kamaludin, ambaye hakupangiwa kuwapo.

"Lete sanduku."

"Nitoe daftari langu kwanza."

"Daftari lina wenyewe. Wenye hoteli walinipigia juzi. Wanalitaka kuliko dhahabu."

"Uliapa. Katana, hukumsikia?"

Katana alikazia macho kioo cha mbele.

Kamaludin akachomoa mkasi wa kukatia leso. Ukapita kwenye mkono wa Thoya, damu ikalowesha mashuka. Thoya hakuliachia sanduku. Alilipandisha begani, akageuka, akarudi ndani ya hoteli.

Saa kumi na dakika ishirini. Alipita jikoni, akatokea mapokezi. Meneja, polisi wawili, mmoja wao inspekta, wageni na simu zao mikononi. Thoya alilibwaga sanduku juu ya kaunta, mbele ya Nekesa, akalivunja kufuli kwa kizima moto cha ukutani, kile ambacho siku ya moto hakikuwa na kitu ndani. Bangili zikabingirika sakafuni. Mgeni mmoja akalia kwamba ile ya mawe mekundu ni yake.

Thoya hakuzitazama. Alifungua daftari kwa vidole vyenye damu. Kusoma alijua kidogo, tarehe ya moto aliijua. Mbele ya tarehe palikuwa na sahihi, mchoro wa mtu msomi. Akamgeuzia inspekta.

"Nisomee."

Inspekta alisoma. Alisoma tena. Akamtazama meneja, akalifunga daftari, akalitia kwapani.

"Mtieni pingu huyu mchukuzi."

"Nimekuletea mwizi na mali yake, unanifunga mimi?"

Pingu zilipita juu ya jeraha.

Mahakamani zililetwa bangili, ikaletwa lebo yenye mwandiko wake, likaletwa hata sanduku la chumvi. Daftari halikuletwa. Hakimu alimuuliza mshtakiwa kama ana la kusema kabla ya hukumu. Thoya alisimama wima, mkono una kovu, akasema analo moja, na ataliuliza kila atakapopelekwa:

"Siku ya moto, ufunguo wa chumba cha dobi ulikuwa kwa nani?"