Sindano za Kasian

"Mama, sitoki."

Sekela alisema hivyo huku akipeta mchele kwenye ungo. Mama mkwe wake alikuwa amefika Chimala kutoka Nyololo na maamuzi ya ukoo.

"Miaka mitatu unakula ugali wa mwanangu, mimba hatujaiona. Kikao kimesema urudi kwenu Tukuyu."

"Kikao kimempima nani? Mimi nimepimwa homoni mara mbili. Mayai yanapevuka kila mwezi bila kukosa."

"Una mdomo wewe."

"Ninao, mama. Umebaki peke yake kunitetea."

Kasian, mumewe, alisimama mlangoni, kifua kikiwa kimetuna hadi vifungo vya shati vinaomba msamaha. Alhamisi alikuwa amekubali kupimwa, baada ya mkewe kumnunia wiki nzima. Simu yake ikaita mlio wa meseji. Akasoma, akaitia mfukoni haraka.

"Ni daktari," Sekela alisema. "Soma, mama asikie."

Kasian akasoma kama anayesoma hukumu yake:

"Majibu yametoka. Mbegu hazionekani. Ni zile sindano za homoni ya kiume unazochoma gym. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Acha sindano, njoo Jumatatu na mkeo. Wengi hurudi sawa, ila huchukua miezi."

Mama akashika kichwa.

"Nani kamroga mwanangu?"

"Kajiroga mwenyewe, mama. Na akalipia."

"Nilianza mwezi wa harusi," Kasian alisema taratibu, "suti inikae vizuri. Mtoto alipochelewa, nikaongeza dozi. Nilidhani ndiyo uanaume wenyewe. Nisamehe, Sekela."

"Basi lisitoke humu ndani," mama akanong'ona.

"Jina langu lilipofika mpaka Madibira kuwa ni mgumba, mama, nani alifunga mlango?"

Sekela akamgeukia mumewe.

"Msamaha wa chumbani siutaki. Walionisema walikaa kikao. Nisafishe palepale."

Kasian akampigia mzee Sosthenes, mwenyekiti wa ukoo, akaweka sauti ya juu.

"Baba mkubwa, itisha kikao tena. Mke wangu ni mzima. Anayekwenda kutibiwa ni mimi."

Mzee akakohoa.

"Mwanangu, mambo hayo mwanaume anayasemaje mbele za watu?"

"Nitayasema hivihivi nilivyokwambia."

Sekela akaisogelea simu mkononi mwa mumewe.

"Mwambie na mimi nakuja," alisema. "Na nitakaa mbele."