Mbuzi Aliyezaa Mfugo

Ruthu alifungua zizi mapema. Wachanjaji wa sotoka walikuwa wameshafika kwa jirani, hapo Mpwapwa, na mwaka uliopita ugonjwa huo ulimaliza zizi zima la dada yake. Binti yake, Anna, alikuwa ameandika programu ya Python ya kutaja mbuzi waliofikia umri wa chanjo. Ruthu aliwatenga waliotajwa, kisha akasimama. Watoto wa mbuzi wake Kijivu, wenye pembe tayari, hawakutajwa.

Anna alifungua kompyuta. Kwenye aina yao palisomeka: Mfugo.

Ruthu aliduwaa. "Mbuzi wangu kazaa mfugo? Mfugo gani? Punda? Kuku?"

Anna akaangalia wengine. Mbuzi wa kununua walikuwa Mbuzi. Waliozaliwa nyumbani, wote, walikuwa Mfugo. Nusu ya zizi ilikuwa ikose chanjo hivi hivi.

Wakamwita Asma, jirani anayefundisha kompyuta chuoni. Alimwamkia Ruthu, akasoma programu, akaguna.

"Mama Anna, hapa kuna darasa la Mfugo, yaani aina kuu, ndilo mzazi. Darasa la Mbuzi limerithi kwake amri ya kuzaa. Lakini ndani ya amri hiyo Anna ameandika 'tengeneza Mfugo'. Basi azae mbuzi, azae ng'ombe, anatoka Mfugo. Na chanjo iko kwa Mbuzi tu."

"Kwa hiyo Kijivu anazaa, halafu kompyuta inampa mtoto ukoo mwingine?"

"Ndivyo hivyo. Anna, usitaje jina la darasa. Muulize anayezaa: wewe ni aina gani?"

Anna alifuta:

return Mfugo(jina)

Akaandika, yaani 'tengeneza wa aina ya huyu anayezaa':

return type(self)(jina)

Akataka kufunga kompyuta. Asma akamzuia: waliokwisha kuzaliwa kimakosa hawajirekebishi, lazima waandikwe upya. Anna akaandika vizazi vyote tena. Majina yakajaa kwenye kioo. Ruthu hakungoja kusomewa. Alishakimbilia machungani kuwarudisha wasiotajwa, waliokwisha kutoka zizini.

Mbuzi wote waliofikia umri wakachanjwa. Sotoka ilipoingia tena kijijini, zizi la Ruthu halikupoteza hata mmoja.

Juzi Kijivu kazaa tena. Anna aliuliza mtoto aitwe nani.

"Jina baadaye," alisema Ruthu, akimfuta mtoto maji. "Kwanza nisomee aina."

"Mbuzi, mama."

"Haya. Andika Mabaka."