Kikohozi cha Syombua

Kikohozi kilitoka kwenye kitanda cha Syombua, na Syombua hakuwa amelala. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, wasichana wengine wamekwenda kufua, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa bweni. Akakitambua. Kilikuwa chake, kile kikavu cha wiki iliyopita, chenye mluzi mwishoni.

Mutindi, aliyelala mgonjwa kitanda cha pili, akafungua macho. "Wewe umesikia hiyo?"

"Sijasikia kitu. Lala."

Huo ulikuwa uongo wa tatu. Tuuhesabu tu, maana mwenyewe alikuwa akiuhesabu.

Wa kwanza alimwambia Sista Gathoni, muuguzi wa chuo chao cha ualimu, si mbali na soko la Kwa Vonza. Mwaka huo wa 1979 homa ya mafua iliingia, na Sista akatangaza paredini: mwenye homa aje alale chumba cha wagonjwa, anywe maji mengi, asichangie kikombe na mtu. Syombua alirudi kutoka kwao Kyuso mwili ukichemka, akasema ni vumbi la barabara. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha alikuwa njiani, na atakayemkosa angerudia mwaka. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani hukumbuka methali mkaguzi akiwa njiani?

Jioni ileile Mutindi alimkuta na kibuyu cha uji wa nyumbani. Kwao mwenye kibuyu huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu, na kummiminia rafiki katika kikombe cha kando ni kumtukana. Syombua akaonja, akampa. Alijua anachompa. Hilo ndilo lililomtafuna moyo baadaye, kwamba alijua.

Mutindi alipoanguka, wenzao wakauliza ameutoa wapi ugonjwa mbaya hivyo. Ukaja uongo wa pili.

"Hii si homa," Syombua alinong'ona. "Hii ni majini. Ya kutoka Mombasa."

Kalondu, kiongozi wa maombi, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akafunga madirisha, akaamuru mgonjwa afunge bila chakula wala maji kwa siku tatu, jini likose pa kukaa. Na Sista asiambiwe, ataleta dawa za kuvunja maombi. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Kikohozi kikaja tena, sasa chini ya kitanda cha Mutindi, na pamoja nacho harufu ya udi na samaki wabichi, katika nchi ambayo mito yake ni mchanga mtupu, na harufu ikazidi kupanda huku Mutindi akihema mbio mbio, midomo imegeuka rangi ya majivu, mpaka Syombua akasikia sauti yake mwenyewe, ya upole, ikisema kutoka sakafuni, "Uliniita, nimekuja."

"Maji," Mutindi akasema. "Syombua, tafadhali. Kidogo tu."

Akamwekea kikombe mdomoni, maji yakamwagika shingoni. Ndipo alipokimbia hadi kwa Sista na kumwambia yote, homa, uji, majini, huku akilia.

Sista Gathoni alimkazia macho. "Lakini ulikuja hapa leo saa nne. Nilisikia Mutindi haonekani darasani tangu juzi, nikataka kumpeleka hospitali. Ukaniambia amepona, nisisumbuke. Gari la chuo nikaliacha liende."

"Sista, mimi sijatoka bwenini tangu asubuhi."

Wakakimbia pamoja. Sista akasukuma madirisha yote, akaweka sikio kifuani mwa Mutindi, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akavuta blanketi hadi usoni.

"Kama si wewe uliyekuja," akauliza kwa sauti ya chini, "alikuwa nani?"

Syombua alitazama miguu ya rafiki yake, ambayo blanketi halikuifikia.

"Ni mimi, Sista," akasema, na huo hakuuhesabu kuwa uongo.