Mwalimu wa Kadi Gani?

Nyumbani kwetu asubuhi ni vurugu. Tunaishi Hamamatsu, Japani, ghorofa ya pili, watu wanne ndani ya vyumba viwili. Kuna dada yangu Liezel, mume wake Arnulfo, binti yao Jaslene, na mimi, Dindo. Sote tumetoka Ufilipino. Mimi napanga vyakula kwenye maboksi kiwandani, kwa kadi yangu mwenyewe ya ukaaji. Shemeji anaosha vyombo hotelini saa chache kwa wiki, maana kadi yake ni ya kumfuata mke, na kadi hiyo ina mipaka.

Dada ndiye aliyesoma. Ana digrii ya ualimu. Yeye ndiye aliyekuja kwanza, na karatasi za mume na mtoto zinaning'inia kwenye za kwake. Akiondoka yeye, wanaondoka wote.

Kila siku dada alipanda mabasi mawili kwenda shule ya msingi ya serikali, huko milimani. Alisaidia kufundisha Kiingereza. Watoto walimwita Mwalimu Rizeru, kwa sababu ulimi wao haukubali Liezel.

"Mimi siyo mwalimu, mimi ni kaseti," alikuwa analalamika. "Nasimama kando ya mwalimu wa darasa. Akinionyesha kidole, natamka neno. Akishusha kidole, nanyamaza. Digrii nzima, Dindo!"

"Kaseti yenye miguu," nikamwambia. Akanirushia soksi.

Mkataba wake wa huko ulikuwa unaisha mwisho wa Machi. Basi siku moja, katikati ya mwezi huo, nikasikia mtu anapanda ngazi mbio. Mlango ukafunguka pwaa!

"Nimepata! Nimepata! Nimepata!"

"Umepata nini? Homa?"

"Kazi, wewe kichwa maji! Shule ya Kiingereza pale stesheni, juu ya duka la mikate! Darasa langu mwenyewe! Vitabu nachagua mwenyewe! Dakika kumi kwa baiskeli!"

Akamshika Jaslene mikono, wakazunguka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Shemeji akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kucheza naye. Dada alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu siku ya harusi yake.

"Unaanza lini?" nikauliza.

"Tarehe sita Aprili. Lakini Bwana Kuroyanagi, mwenye shule, anataka nije Jumamosi ijayo nijaribu darasa moja."

Shemeji akaacha kucheza. "Na karatasi? Kadi yako ya ukaaji haitabadilika?"

Tukamcheka. Nakiri, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

"Arnulfo, hebu soma," dada akasema, akamtolea kadi. "Imeandikwa nini hapa? Mwalimu. Naenda kufanya nini? Kufundisha. Na tarehe? Inaisha mwaka keshokutwa."

"Shemeji naye kwa uoga!" nikasema. "Dada, nenda tu. Nani atakuuliza?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika yalivyo, kwa sababu nusura yawafukuzishe nchini wote watatu.

*

Jumapili tukaenda kanisani. Baada ya misa, Wafilipino tunabaki ukumbini kula. Kuna tambi za pansit kwenye masinia, kuna nyama ya kuchemshwa kwa siki, kuna umbea. Dada alikuwa anatangaza kazi yake kwa kila aliyeshika sahani.

Akafika kwa Mama Erlinda. Huyu mama amekaa Japani miaka ishirini na sita. Anafanya kazi kwenye dawati la ushauri kwa wageni, pale manispaa. Anajua kila fomu.

"Hongera, mwanangu!" Mama Erlinda akamkumbatia. "Kadi umeshaomba kubadilisha?"

"Ya nini, Mama? Kadi yangu imeandikwa Mwalimu."

"Mwalimu wa wapi?"

"Mwalimu ni mwalimu!"

"Kwetu Ufilipino, ndiyo. Hapa walimu wako wa aina mbili." Mama Erlinda akaweka sahani chini. Nikajua mambo yameharibika, kwa sababu huyo mama haweki sahani chini hovyo. "Nipe kadi. Unaona neno hili? Maana yake ni mwalimu wa shule inayotambuliwa na sheria kuwa ni shule. Msingi, sekondari, hizo. Sasa huko unakokwenda ni shule?"

"Ni shule! Kuna ubao, kuna viti, kuna watoto!"

"Hata kinyozi ana viti na watoto. Ile ni kampuni, mwanangu. Inauza masomo kama vile chini yake wanavyouza mikate. Mwalimu wa kampuni ana kadi nyingine. Inaitwa kadi ya wataalamu na shughuli za kimataifa."

Dada akatazama kadi kama ameishika mara ya kwanza.

"Lakini tarehe bado, Mama. Mpaka mwaka keshokutwa."

"Tarehe inakwambia mpaka lini. Haikwambii kazi gani. Watu wanasoma tarehe, hawasomi neno. Kila mwaka naletewa walimu wanalia dawatini kwa kosa hilo hilo."

Nikaingilia. "Mama Erlinda, Jumamosi ni kujaribu tu. Halipwi hata yeni moja."

"Wewe Dindo, kaa kimya ule," akaniambia. "Anasimama mbele ya wanafunzi wa kampuni, anafundisha. Hiyo ni kazi, alipwe asilipwe. Akianza kabla ya kuruhusiwa, uhamiaji wanaweza kumkatalia kadi mpya na kumwondoa nchini. Sasa niambie, mume ataishi kwa karatasi ya nani? Na huyu mtoto?"

Tukamtazama Jaslene. Alikuwa anaonyesha watoto wenzake begi lake jipya jekundu. Aprili alikuwa anaanza darasa la kwanza.

Nami nikaweka sahani chini.

"Sasa nifanye nini?" dada akauliza kwa sauti ndogo.

"Usilie, dawa ipo, tena haina uchungu. Unaomba kubadilisha kadi kabla ya kuanza kazi. Unapeleka fomu, picha, pasipoti, nakala ya digrii, na mkataba mpya. Mwajiri naye anatoa karatasi za kampuni na kujaza kurasa zake. Halafu unasubiri jibu. Mwezi mmoja, pengine miwili. Kipindi hiki foleni ni ndefu."

"Miwili! Kazi inaanza tarehe sita!"

"Basi kamwambie bosi wako. Kesho, siyo keshokutwa."

*

Jumatatu jioni nikamsindikiza. Njia nzima dada alikuwa na hofu moja. Kuna mwanamke mwingine aliyeomba kazi ile, Mwaustralia aliyeolewa na Mjapani. Kadi ya ndoa haina mipaka ya kazi. Yeye angeweza kuanza hata kesho yake.

Bwana Kuroyanagi ni mzee mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alitupa chai. Dada akaweka kikombe mezani, akasema moja kwa moja.

"Bwana Kuroyanagi, Jumamosi sitakuja. Na tarehe sita Aprili sitaanza."

Mzee akasogeza kikombe chake pembeni.

"Kadi yangu ni ya shule za serikali na zinazofanana nazo. Hapa ni kampuni. Lazima kwanza nibadilishiwe kadi. Inaweza kuchukua mwezi, hata miwili. Kazi hii naitaka sana. Naomba unisubiri."

Mzee akavuta hewa kwa meno. Ssssss. Kichwa akakilaza upande mmoja.

Aliyekaa Japani anaijua sauti hiyo. Mjapani hakwambii hapana. Anavuta hewa. Nikaona dada amebana mkoba wake mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Wazazi wameshaambiwa," mzee akasema. "Watoto kumi na wawili. Ssssss... Labda uje tu ukae nyuma? Uzungumze nao kidogo?"

Kubali, nikasema kimoyomoyo. Kubali, kubali!

"Hapana," dada akasema. "Hiyo nayo ni kazi. Nikikamatwa, mimi nafukuzwa nchini. Na wewe pia unashtakiwa. Aliyemwajiri mtu asiye na ruhusa naye ana kesi."

Kichwa cha mzee kikanyooka.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Nishtakiwe mimi?" Akanigeukia, kama vile mimi ndiye polisi. "Nina miaka sitini na minne! Sijawahi kupata hata onyo la baiskeli!"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Dada akanikanyaga mguu. Lakini mzee naye akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu mpaka akafuta macho. Kumbe alikuwa hajawahi kuajiri mgeni aliyetoka shule ya serikali. Hakujua lolote.

Akainuka, akavuta droo. "Karatasi gani wanataka kwangu? Sema. Usajili wa kampuni? Za kodi? Andika hapa, andika!"

"Na watoto, Bwana Kuroyanagi? Aprili nani atawafundisha?"

Akavuta suruali yake vizuri. "Mimi mwenyewe."

Akatuonyesha Kiingereza chake. Mungu awasaidie wale watoto.

Tuliposhuka ngazi, dada alinishika shati pale pale mbele ya mikate, akapiga kelele mpaka muuzaji akatoka kutazama. "Ananisubiri, Dindo! Ananisubiri!"

*

Siku ya nne karatasi zote zilikuwa tayari. Ofisi ya uhamiaji ilijaa kama sokoni sikukuu. Mama Erlinda alikuwa ameshazikagua moja moja, kwa hiyo dirishani karani hakurudisha hata moja. Akampa dada postikadi tupu.

"Andika jina lako na anwani yako mwenyewe," akasema. "Jibu likiwa tayari, tutakutumia hii."

Mkataba wa shule ya milimani ulipoisha, Mama Erlinda akampigia simu. "Umetoa taarifa uhamiaji kwamba umeacha kazi?"

"Si nimeshaomba kadi mpya, Mama?"

"Hiyo ni habari nyingine. Ukiacha kazi, unatoa taarifa ndani ya siku kumi na nne. Ukianza mpya, vile vile. Fanya leo."

Akafanya siku hiyo hiyo, kwa mtandao wa simu yake, akiwa amekaa kwenye ngazi.

Halafu tukasubiri. Mimi kusubiri kunaniua. Kila nikitoka kazini naanzia kwenye sanduku la barua. Matangazo ya piza. Bili ya gesi. Piza tena. Wiki ya tatu nikamwambia dada, "Pita tu pale shuleni, uwasalimie watoto dirishani."

"Dindo, nitakuuza kiwandani kwako wakupange kwenye boksi."

Hakupita. Nyumbani hakukaa bure pia. Alikata picha, akashona vikaragosi vya vidole, akafundisha ukuta. Jaslene alikuwa mwanafunzi, baba yake mwanafunzi mtoro. Tuliishi kwa saa za shemeji na mshahara wangu, na tukala mayai mpaka nikaogopa kutaga.

Mei, baada ya zile sikukuu zao ndefu, nikafungua sanduku la barua. Kulikuwa na postikadi yenye mwandiko wa dada yangu.

Sikupanda ngazi. Niliruka. "Imekuja! Dada! Umejiandikia barua!"

Alitoka bafuni na povu kichwani. Akasoma. Akasoma tena. Halafu akaketi sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, na povu linamwingia machoni.

Kesho yake alfajiri tulikuwa wa kwanza mlangoni kwa uhamiaji. Dada akabandika stempu za malipo, akatoa kadi ya zamani. Karani akaitoboa tundu. Akampa mpya, bado ina joto la mashine. Dada hakutazama tarehe. Aliweka kidole chini ya maandishi ya kazi, akayasoma kwa sauti, polepole, mbele ya watu wote. Wataalamu na shughuli za kimataifa. Mwanamume mmoja kwenye foleni akapiga makofi. Sijui ni nani mpaka leo.

Siku ileile alitoa taarifa ya mwajiri mpya. Jumatatu akaanza kazi.

Niliruhusiwa kuchungulia mlangoni. Watoto kumi na wawili walikuwa wanapiga kelele majina ya wanyama. Nyuma kabisa, kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu, alikaa Bwana Kuroyanagi. Dada akainua picha ya mbuzi. Mzee akanyoosha mkono kabla ya wote.

"Kondoo!" akasema kwa Kiingereza, kifua mbele.

Watoto wakaangua kicheko. Dada akatikisa kichwa. Akamwambia mzee asimame na kurudia mara tatu, mbuzi, mbuzi, mbuzi, na mzee akarudia.

Alikuwa anamsahihisha bosi wake siku ya kwanza kazini. Na hapakuwa na mtu Japani nzima mwenye haki ya kumwambia atoke mle ndani.