Sifuri ya Mzee Nazari

Dorika na mumewe Masanja wanaishi Mkula. Masanja analima mpunga. Dorika anaosha mapipa katika kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi.

Siku hizi Dorika anarudi nyumbani kichwa kikimgonga. Jana alianguka ndani ya chumba cha mapipa. Wenzake walimbeba hadi nje, akazinduka.

"Umepima malaria?" Masanja aliuliza.

"Nimepima. Sina."

"Basi acha kazi. Nikuzike kwa sababu ya ndizi?"

"Siachi kabla sijajua kinachoniangusha. Mbona nikitoka nje napona?"

Jirani yao Fausta aliwasikia. Yeye ni fundi wa vifaa vya kupimia gesi.

"Umeuliza vizuri, dada," alisema. "Kesho usiingie chumbani mpaka nifike."

Asubuhi Fausta alifika kiwandani na silinda mbili ndogo. Msimamizi, mzee Nazari, aliwapokea. Zamani aliuza mchele sokoni Ifakara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kifaa chetu cha kupimia gesi kizima kabisa! Kipimo kiko ndani, ukutani. Waya unaleta namba kwenye kisanduku hiki hapa nje."

"Mbona kipimo kimefungwa chini, karibu na sakafu?" Dorika aliuliza.

"Ndizi zikichachuka hutoa hewa ukaa," Fausta alieleza. "Haina rangi, wala huinusi. Ni nzito, hutuama chini kama maji kwenye jaruba la mpunga. Wewe unayeinama kuosha ndiye unayeivuta kwanza."

Walifungua milango, wakawasha feni, wakasubiri. Kisha Fausta aliingia. Alikifunika kipimo kwa kikombe chenye mpira uliotoka kwenye silinda ya kwanza.

"Hii ni naitrojeni tupu," aliita. "Haina hewa ukaa hata chembe. Kisanduku kinatakiwa kionyeshe sifuri. Kinasemaje?"

"Kuna kistari mbele ya namba," Dorika alijibu.

"Maana yake ni pungufu ya sifuri."

"Pungufu ya hakuna? Mtu anaweza kuwa na ng'ombe pungufu ya hakuna?"

Nazari alicheka. "Wasukuma! Hata gesi mnaihesabu kwa ng'ombe."

"Na ninyi Wandamba mngeihesabu kwa samaki," Dorika alijibu.

Fausta aliunganisha silinda ya pili. "Hii ina hewa ukaa iliyopimwa. Lebo inasema sehemu elfu kumi katika kila milioni. Huko?"

"Elfu tatu," Dorika alisoma.

Kengele ya kisanduku ilitakiwa kulia kwenye elfu tano. Ilikaa kimya. Dorika alishika shavu. Fausta akatoka nje.

"Mzee, nani anabonyeza kitufe hiki cha sifuri?"

"Mimi. Asubuhi kengele ikilia, nakirudisha sifuri. Sokoni ndivyo tunavyofanya. Unaweka debe tupu kwenye mizani, unarudisha sifuri, ndipo unamimina mchele."

"Debe tupu, sawa. Lakini asubuhi chumba hiki si kitupu. Mapipa yamechachuka usiku kucha. Ukibonyeza, unakiambia kifaa kisiihesabu gesi yote iliyomo."

Nazari alikitazama kitufe. "Kumbe debe langu lilikuwa na mchele tayari," alisema polepole. "Dorika, nisamehe."

Fausta alirudi ndani, sasa kukirekebisha kifaa. Alipitisha naitrojeni, akatoka kwenye kisanduku, akangoja namba itulie, akaweka sifuri. Alipitisha gesi ya pili, akangoja tena, akaweka elfu kumi. Alipoondoa kikombe, namba ilishuka.

"Sifuri huwekwa kwa hewa unayoijua, siyo kwa hewa unayoikuta," alisema. "Nitahakiki tena kila muda wake ukifika. Kikilia, msiguse kitufe. Tokeni, fungueni milango, washeni feni, subirini."

"Na mtu akianguka ndani?" Dorika aliuliza.

"Msimkimbilie bila kifaa cha kupumulia. Mtaanguka wawili. Juzi wenzako walibahatika. Iteni waokoaji."

Asubuhi iliyofuata kengele ililia kabla mtu hajaingia. Mkono wa Nazari ulikwenda kwenye kitufe. Ulisimama hewani, kisha ukashuka kwenye swichi ya feni. Walikaa nje juu ya kreti, wakibishana juu ya ng'ombe na samaki, mpaka namba iliposhuka. Ndipo Dorika alipochukua brashi yake akaingia.

Jioni Masanja alimtazama usoni.

"Kichwa?"

"Leo nimekisahau."

"Kwa hiyo kesho unarudi?"

"Narudi mapema. Nataka nione kisanduku kitaamka na ngapi."